Kocha wa Viungo Ni Mtu wa Nani?

Hadi mwanzoni mwa 2020, kocha wa viungo aliyelipwa vizuri kuliko wenzake wote katika vyuo vikuu vya umma nchini Marekani alikuwa Chris Doyle wa Iowa: dola 800,000 kwa mwaka. Kufikia katikati ya Juni alikuwa ameshafungasha. Wachezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, wengi wao weusi, walijitokeza hadharani kusimulia kejeli na ubaguzi waliosema waliupata chini yake. Yeye alikana kwamba aliwahi kuvuka mpaka wa maadili. Chuo kikakubaliana naye waachane kwa malipo ya takriban dola milioni 1.1. Na katika miaka hiyohiyo ambayo mshahara wake ulikuwa ukipanda, vijana wenye shahada walikuwa wakipanga vyuma na kufuta jasho kwenye mabenchi ya vyuo vingine saa 11 alfajiri bila kulipwa hata senti, wakisubiri zamu yao ifike.

Watu wa soko watasema ni mahitaji na upatikanaji: nafasi ni chache, wanaozitaka ni wengi, walio juu wanavuna. Ni kweli, ila hilo halielezi kwa nini kocha mwenye mataji anatupiwa virago siku moja bila kosa, wala kwa nini kazi iliyoanzishwa kuwajenga vijana imewahi kuwafikisha baadhi yao kaburini. Kwa maoni yangu mambo yote hayo yana mzizi mmoja: kocha wa viungo wa chuo, tangu siku ya kwanza, amekuwa mtu wa kocha mkuu.

Siku hiyo ya kwanza inajulikana. Kabla ya miaka ya 1960 makocha wengi wa Marekani waliamini kwamba vyuma vinamharibu mchezaji, kwamba misuli inakakamaa na mbio zinapotea. Wachache walikaidi. Alvin Roy wa Baton Rouge aliwanyanyulisha vyuma vijana wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU), na timu ikatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1958. Miaka 5 baadaye alichukuliwa na San Diego Chargers ya ligi ya kulipwa. Lakini ajira rasmi ya chuo ilizaliwa Nebraska mwaka 1969. Timu ya huko ilikuwa imetoka kwenye misimu 2 mfululizo ya ushindi 6 na vipigo 4, na mwaka 1968 ilikuwa imechapwa 47-0 na Oklahoma. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiruka kwa upondo, Boyd Epley, aliumia mgongo, akawa anashinda kwenye chumba kidogo cha vyuma akijijenga upya. Majeruhi wa futiboli wakaanza kumwiga. Tom Osborne, wakati huo kocha msaidizi, akagundua kwamba majeruhi hao wanarudi uwanjani wakiwa na nguvu kuliko walivyoondoka.

Kocha mkuu, Bob Devaney, hakuwa na hamu na vyuma. Alikubali kwa shingo upande. Epley amesimulia mara nyingi masharti aliyopewa: dola 2 kwa saa, na mchezaji yeyote akipungua kasi, kazi imekwisha. Nebraska ikawa bingwa wa taifa mwaka 1970, ikarudia 1971, na kila chuo chenye timu kikaanza kutafuta Epley wake. Wanaoandika historia ya taaluma hii hupenda kukaa kwenye mataji hayo mawili. Mimi navutiwa zaidi na sharti la Devaney, kwa sababu halijawahi kufutwa. Kazi ilitolewa na kocha mkuu, kipimo chake kilipangwa na kocha mkuu, na ingeondolewa na yeye. Idara ya afya ya chuo haikuwamo, wala kitivo.

Taaluma yenyewe ilikuja kujikusanya baadaye. Mwaka 1978 makocha 76 walikutana mjini Lincoln, Nebraska, wakaunda chama ambacho leo kinajulikana kwa herufi NSCA. Mtihani wa cheti chao maarufu, CSCS, ulianza 1985. Mwaka 2000 makocha wa vyuo wakajitenga na kuunda chama chao, CSCCa, chenye cheti chake kinachodai saa 640 za mafunzo ya vitendo chini ya kocha mzoefu. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilingoja hadi Agosti 2015 ndipo kikalazimisha kila kocha wa viungo wa daraja la kwanza awe na cheti kinachotambulika. Ni miaka 46 tangu Epley aanze kulipwa kwa saa. Katika muda wote huo kinyozi wa mjini Lincoln alihitaji leseni; anayempakia kijana chuma cha kilo 200 begani hakuhitaji.

Nguvu ya kocha huyu inatoka kwenye kalenda. Kanuni za NCAA zinaruhusu saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, si zaidi ya 4 kwa siku. Nje ya msimu zinashuka hadi 8, na sehemu kubwa ya hizo huenda jimu. Msimu wa kawaida wa futiboli ni mechi 12, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba. Miezi mingi inayobaki, na hasa kiangazi, kanuni zilimfungia kocha mkuu nje ya mlango kwa miaka mingi, ingawa siku hizi zimelegezwa kiasi. Kocha wa viungo hakufungiwa. Mazoezi ya kiangazi yaliitwa ya hiari, na kila mchezaji aliielewa hiari hiyo: asiyefika Juni hachezi Septemba.

Kwa hiyo kocha mkuu alihitaji mtu wa kuwa macho yake na sauti yake pale ambapo yeye haruhusiwi kusimama. Hapo ndipo mtaalamu wa misuli alipogeuka kuwa mlezi wa nidhamu, mtoa adhabu, mpiga kelele wa timu, na mpeleka habari. Ndiyo maana kocha mkuu anapohamia chuo kipya, kocha wa viungo huwa miongoni mwa watu wa kwanza kumfuata. Urban Meyer alipochukua Ohio State mwishoni mwa 2011 alimleta Mickey Marotti, aliyekuwa naye Florida. Marotti ni bahati ya pekee: Meyer alipoondoka, yeye alibaki na kocha aliyefuata. Kwa wengi kocha mkuu akimwaga unga, wa kwao nao umemwagika, hata kama ghala lilikuwa limejaa.

Tommy Moffitt ni mfano wa hao wengi. Aliingia LSU mwaka 2000, akafanya kazi chini ya Nick Saban, Les Miles na Ed Orgeron, na wote watatu walitwaa ubingwa wa taifa naye akiwa jimu: 2003, 2007, 2019. Ukitaka kumpima kocha wa viungo kwa matokeo, sijui utataka nini zaidi. Brian Kelly alipofika mwishoni mwa 2021 alikuja na watu wake, na Moffitt akaonyeshwa mlango baada ya zaidi ya miaka 20. Baadaye alipata kazi Texas A&M. Jina lake lilimbeba. Msaidizi wake wa nne, mwenye mke na mtoto na nyumba ya kupanga, hana jina la kumbeba.

Ngazi ya kazi hii inaanzia kwenye mafunzo ya vitendo, mara nyingi bila malipo. Anayevumilia hutafuta nafasi ya msaidizi anayesomea shahada ya pili: chuo kinamlipia ada na kumpa posho ya kumfikisha mwisho wa mwezi, kwa shida. Baada ya hapo ni usaidizi kamili, kisha kuhama. Kocha mwenye miaka 35 anaweza kuwa ameshaishi majimbo matano. Anafungua jimu kabla ya mapambazuko kwa sababu wanafunzi wana vipindi, anaifunga jioni kwa sababu wengine wana vipindi asubuhi, na katikati anaandika programu. Wanaoiacha kazi hii hawasemi sana juu ya vyuma. Wanasema juu ya watoto wao, waliokuwa wamelala wazazi walipotoka na wamelala waliporudi.

Ndani ya jengo hilohilo kuna kazi mbili zinazoitwa kwa jina moja. Upande mmoja ni futiboli, ambako NCAA iliweka kikomo cha makocha 5 wa viungo kwa timu moja ya daraja la juu, na ambako mishahara mikubwa yote inapatikana. Upande wa pili ni kile Wamarekani wanachokiita michezo ya Olimpiki: kuogelea, voliboli, tenisi, gofu, riadha, kupiga makasia. Huko mtu mmoja anaweza kubeba timu tatu au nne. Saa 12 asubuhi anashughulika na mabega ya waogeleaji, ambayo huchakaa kwa kuzungushwa maelfu ya mara. Saa mbili baadaye yuko na wacheza gofu na migongo yao.

Nadhani ukocha bora zaidi unafanyika upande huu wa pili. Chukua goti. Wanawake wanaocheza michezo ya kuruka na kukata kona hukatika ligamenti ya ndani ya goti, ile ya ACL, mara kadhaa zaidi ya wanaume wa michezo hiyohiyo. Kocha mzuri anatumia wiki nyingi kumfundisha mchezaji wa voliboli namna ya kutua: magoti yasiingie ndani, nyonga irudi nyuma, kishindo kimezwe na misuli ya paja badala ya ligamenti. Mazoezi hayo yanapunguza majeraha, hili limeonyeshwa vya kutosha. Lakini goti ambalo halikukatika halipigwi picha wala halipandishi mshahara wa mtu. Kamera inapenda mtu anayerarua fulana pembeni mwa uwanja.

Wanawake wenyewe katika kazi hii ni wachache, na waliofika juu kwenye timu za wanaume wanahesabika. Andrea Hudy alitoka Connecticut mwaka 2004 kwenda Kansas, akasimamia viungo vya timu ya wanaume ya mpira wa kikapu iliyotwaa ubingwa 2008, akakaa hadi 2019, akapita Texas, kisha akarudi Connecticut kwa timu ya wanawake. Makocha wengi wa kiume wenye jina kubwa zaidi yake hawana rekodi kama hiyo.

Kuna pia teknolojia, nitaipita haraka. Wachezaji wanavaa vifaa vya GPS mgongoni, wanaruka juu ya mabamba yanayopima nguvu ya miguu, kasi ya chuma inasomwa kwenye skrini. Vinasaidia, hasa kujua nani amechoka. Lakini sijasikia kocha wa viungo aliyefukuzwa kwa kukosa grafu.

Yanayostahili nafasi kubwa ni maafa. Januari 2011 wachezaji 13 wa Iowa walilazwa hospitali baada ya mazoezi ya kurejea kutoka mapumzikoni. Zoezi lilikuwa kuchuchumaa na chuma begani mara 100, uzito ukiwa nusu ya kilele cha kila mmoja, huku saa ikihesabu. Waliugua rhabdomiolisisi: nyuzi za misuli zinapasuka, protini inayoitwa mioglobini inamwagika kwenye damu, figo zinaziba, mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi. Kamati ya chuo ilikiri kwamba zoezi ndilo lililosababisha, ikashauri lisirudiwe, na haikumtia mtu hatiani. Doyle, mkuu wa viungo, aliendelea na kazi kwa zaidi ya miaka 9. Oregon ilipata mkasa wa namna hiyo Januari 2017, wachezaji 3 wakalazwa. Kocha wa viungo akasimamishwa mwezi mmoja bila mshahara.

Tazama miezi. Ni Januari zote mbili, baada ya likizo, na mara ya pili kocha mkuu mpya alikuwa ametua anataka kuona nani ni mwanamume. Mwili uliokaa wiki tatu hauko tayari kwa kazi ya kuonyeshana, na kila kocha mwenye cheti analijua hilo. Limo kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vyao. Sisemi walikosa elimu. Nasema elimu ilikuwa chumba kimoja na matakwa ya bosi, na bosi akashinda.

Mei 29, 2018, Jordan McNair wa Maryland, kijana wa miaka 19, alianguka kwenye zoezi la mbio za kurudiarudia. Joto la mwili wake lilivuka nyuzi 41. Dawa ya kiharusi cha joto inajulikana na ni ya bei rahisi: beseni kubwa la maji ya barafu, mtu azamishwe hapohapo, apozwe kwanza ndipo asafirishwe. Ukiwahi ndani ya nusu saa, karibu wote wanapona. McNair hakuzamishwa, na zaidi ya saa moja ilipita kabla gari la wagonjwa halijaondoka naye. Alifariki Juni 13. Kocha wa viungo aliondoka Agosti, kocha mkuu akafukuzwa Oktoba 31, na chuo kikaja kuilipa familia dola milioni 3.5. Jimbo la Maryland lilipitisha sheria yenye jina la kijana huyo mwaka 2021.

Kuna kifo kingine kinachotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Septemba 2006, Dale Lloyd wa Chuo Kikuu cha Rice, naye wa miaka 19, alianguka baada ya mbio 16 za yadi 100. Alikuwa mbebaji wa kinasaba kimoja cha selimundu bila kujua. Mbebaji si mgonjwa. Anaishi, anacheza, anashinda. Lakini akisukumwa mfululizo bila kupumzika, kwenye joto au kiu, chembe zake nyekundu zinaweza kujipinda ndani ya mishipa na misuli ikafa kwa kukosa hewa. Kesi ya familia yake iliifanya NCAA ianze kuwapima wachezaji wa daraja la kwanza mwaka 2010. Kati ya Wamarekani weusi, karibu mtu 1 kati ya 12 ni mbebaji. Uganda, utafiti mkubwa wa watoto wachanga uliotolewa muongo uliopita ulikuta zaidi ya asilimia 13, na maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria yako juu. Vijana wetu wanakwenda vyuo hivyo kila mwaka: Suleiman Nyambui alikimbilia Texas ya El Paso kabla ya medali yake ya fedha ya Moscow 1980, Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akafika Connecticut na kuchaguliwa wa pili katika NBA mwaka 2009, Edward Cheserek alichukua mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon. Anayefuata nyayo zao apime selimundu kabla hajapanda ndege, na cheti cha majibu akikabidhi kwa daktari wa timu kwa mkono wake mwenyewe.

Kuhusu tiba ya tatizo, haijakosekana kwenye karatasi. Mwaka 2016 kanuni ziliwapa madaktari na matabibu wa timu katika kanda 5 kubwa mamlaka ya maamuzi ya afya yasiyopingwa na kocha yeyote. Maryland ilikuwa ndani ya kanda hizo McNair alipoanguka miaka miwili baadaye. Mwaka 2019 NCAA na vyama vya tiba walitoa mapendekezo: programu iandikwe kabla, wanaotoka likizo wapandishwe taratibu, mazoezi yasitumike kuadhibu. Wataalamu wengi wanataka pia kocha wa viungo aripoti kwa idara ya tiba au utendaji wa michezo, asiripoti kwa kocha mkuu peke yake. Mapendekezo mazuri, na yanakwama palepale. Kocha mkuu anayelipwa mamilioni anaingia mkataba akiwa ameahidiwa kuchagua watu wake, na wa kwanza kwenye orodha ndiye huyu. Rais wa chuo anayetaka kumpata kocha huyo hatagombana naye kwa ajili ya mstari kwenye mchoro wa uongozi.

Sasa mazingira yenyewe yanayumba. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuuza majina yao, na uhuru wa kuhama chuo umeongezeka kiasi kwamba timu nyingine hubadilisha nusu ya kikosi katika mwaka mmoja. Fahari ya kazi hii ilikuwa kumpokea kijana mwembamba wa miaka 18 na kumkabidhi mwanamume baada ya miaka minne. Sasa kocha anampata mtu wa miaka 22 aliyejengwa na makocha watatu, ana miezi 7 naye, na kijana ana wakala, ana mkufunzi wake binafsi, na akifokewa sana anahama. Waliozoea kutawala kwa kelele hawana tena mtaji. Waliojua kueleza kwa nini zoezi hili na si lile wamejikuta wanahitajika, na ningependa kuamini kwamba mishahara itawafuata.

Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Pesa hizo zinatafutwa kwenye bajeti zilezile zinazowalipa wasaidizi wa jimu. Ila kuna mlango mwingine uliofunguka kidogo. Februari 2024 afisa wa bodi ya taifa ya kazi aliamua kwamba wachezaji wa kikapu wa Dartmouth ni waajiriwa. Mwezi uliofuata wakapiga kura 13 kwa 2 kuunda chama cha wafanyakazi, na mwisho wa mwaka ombi likaondolewa kabla bodi mpya haijalikalia. Siku suala hilo litakaporudi na wachezaji wakashinda, jimu ya chuo itakuwa eneo la kazi kisheria, kocha wa viungo atakuwa msimamizi wa wafanyakazi, na mwenye haki ya kuja kukagua kama beseni la barafu lipo atakuwa mtu ambaye kocha mkuu hakumwajiri na hawezi kumfukuza.